Pembe Isiyo na Tundu

Juzi nilikwama kwenye foleni ya kutoka Al Garhoud, nyuma ya gari lililobeba jeti, yale majani mabichi wanayolishwa ngamia na mbuzi. Mafungu yalikuwa yamerundikwa hadi juu, bado yanadondosha maji, na dereva wake hakuwa na haraka hata chembe. Nikashusha kioo nimpigie kelele, maana nilikuwa nimechelewa kazini na mimi si mtu wa subira. Harufu ya jeti ikaniingia kabla sijafungua mdomo. Nikapandisha kioo, na taa ilipogeuka kijani nikawa mimi ndiye ninayepigiwa honi.

Harufu ile kwangu ni ya Ijumaa asubuhi, mwisho wa msimu wa baridi, nikiwa ndani ya sweta lenye mikono iliyonifunika hadi vidole, natembea nimeinamisha kichwa katika shamba la arbab, mwajiri wa baba yangu, natafuta pembe. Nasema baridi na najua kuna watakaonicheka. Lakini nyinyi mliokulia Dubai kama mimi mnaijua baridi ya jangwani, ule ukungu unaolala juu ya mchanga mpaka jua lipande, na unyevu unaopenya kwenye kandambili ukaganda kwenye vidole.

Baba alikuwa mtunza wanyama. Arbab wake, ambaye ndiye aliyekuwa kafeel wetu sote, mdhamini wa viza zetu, alikuwa mzee mwenye shamba nje ya mji na mapenzi ya ajabu na wanyama. Alikuwa na ngamia, alikuwa na paa wa Kiarabu wenye pembe nyembamba zenye pete, na katika uzio wa mwisho alikuwa na kundi la wanyama walioletwa kwa ndege kutoka nchi za baridi. Baba aliwaita paa wa kizungu. Walikuwa na madoa meupe mgongoni, na madume yao yalibeba pembe zilizotanda kama matawi. Walijengewa kivuli na kunyunyiziwa maji wakati wa joto, na Baba alikuwa akisema kwamba wale wanyama walitunzwa kuliko yeye.

Kila baridi ilipokaribia kwisha, pembe za yale madume ziliachia zenyewe na kuanguka, na baadaye zikaota nyingine. Arbab alitaka zote ziokotwe. Alizipanga ukutani katika majlisi yake, akawaonyesha wageni. Kazi ya kuzitafuta ilikuwa ya Baba, na siku za Ijumaa, kwa kuwa sikuwa na shule, alinichukua tukatafute pamoja. Zamani ulikuwa mchezo tu. Ila mwaka huo mimi nilikuwa na shida yangu na pembe, kwa sababu mwaka huo Mama alikuwa anakohoa.

Tuliishi Satwa, chumba kimoja katika nyumba kuukuu yenye ua, iliyogawanywa kwa mbao ili familia nyingi zienee. Watoto wa nyumba zile tulilijua neno viza kabla ya kujua kusoma. Tulijua kwamba viza ikiisha, mtu mzima huenda kupimwa, anatolewa damu na kupigwa picha ya kifua, na kwamba wengine hurudi kutoka huko wakiwa watu wengine kabisa. Siku zile kifua kikionekana na doa, hata la kovu la zamani, mtu hakupewa dawa akabaki. Aliondoshwa. Dada mmoja wa Tanga aliyekuwa akikaa chumba cha mwisho alikwenda kupimwa akicheka, na wiki ileile sanduku lake likawa mlangoni na watu wanampa mikono.

Basi Mama akajifunza kukohoa kwa siri. Alifungulia bomba jikoni maji yafunike sauti. Aliingia ndani akaufumbata mto. Wapangaji wenzetu walikuwa watu wema, lakini ukuta wa mbao hauna siri, na yeye hakutaka neno lianze kutembea. Viza yake ilikuwa inakaribia kwisha. Kila nyumba ina kitu kisichosemwa mezani, na kwetu kilikuwa hicho.

Aliyejua yote alikuwa Bi Zuhura, jirani wa chumba cha pili, mzee wa Kiunguja aliyekuja na mumewe miaka mingi nyuma, mume akafa na yeye akabaki. Bi Zuhura alikuwa muumishi. Watu wenye mgongo, wenye kichwa kisichopona, walikuja kwake kuumikwa. Alikuwa na chuku yake, pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, anayoibandika juu ya ngozi na kunyonya pumzi kwa mdomo kutoka upande wa juu, kisha anaziba kitundu kwa nta ili pembe ing'ang'anie hapo na kuivuta damu mbaya. Mgonjwa aliondoka na alama ya duara, na akasema amekuwa mwepesi.

Siku moja walikuwa wanachambua mchele mezani, mimi nipo chini ya meza nachezea vifungo vyangu vya nguo.

"Hiyo ni damu chafu imekukaa kifuani, Asha," Bi Zuhura akamwambia Mama. "Ingetoka hiyo, ungelala usingizi."

"Niumike basi, Bi Zuhura."

"Nikuumike na nini, mwanangu? Chuku yangu imepasuka, pumzi yote inatokea ubavuni. Hivyo vikombe vya plastiki vya madukani sivitaki, vinavuta ngozi, havivuti maradhi. Nimeagiza pembe Unguja. Sasa anayekuja nani na lini, Mungu ndiye ajuaye."

"Na kupimwa kwenyewe kumekaribia," Mama akasema. Nikasikia mchele tu unavyopepetwa.

Chini ya meza nikayapanga mambo vizuri kabisa. Mama ana damu chafu. Hospitali wanatoa damu ili waitazame. Wakiikuta chafu, Mama anaondoka. Bi Zuhura akimtoa ile chafu kwanza, wataikuta safi, na Mama anabaki. Kilichokosekana ni pembe, na mimi nilikuwa mtoto pekee Satwa nzima anayejua mahali pembe zinapoanguka chini bure. Ile picha ya kifua haikunisumbua. Nilidhani ni picha kama ya pasipoti, ila wanaipiga chini kidogo.

Ijumaa iliyofuata niliingia kwenye uzio kabla Baba hajashusha ndoo. Pale alikuwapo Anko Bakari wa Mombasa, mfanyakazi mwenzake Baba, anayebeba jeti begani na kuimba vibaya.

"Wewe, watafuta nini na pua imegusa mchanga hivyo? Umeangusha pete ya uchumba?"

"Natafuta pembe, Anko."

"Basi mwangalie yule dume mkubwa. Tangu jana aenda kichwa upande kama mzee wa shingo. Moja ishaanguka, hatujaiona bado."

"Haimuumi?"

"Yamuuma nini! Si kama jino lako hilo?" Akanishika kidevu na kuligusa jino langu la mbele lililokuwa likicheza. "Mwenyewe hata hajui kama imeanguka. Mtazame, ala tu."

Kweli dume lilikuwa linakula, pembe moja upande mmoja, upande wa pili kidonda kidogo chekundu. Nikaufuata uzio hatua kwa hatua. Niliikuta nyuma ya hori la maji, nusu imefukiwa na mchanga. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia na baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji, na kwenye shina lake kulikuwa na damu kidogo iliyokauka. Nikaikumbatia na umande wake ukaloanisha sweta. Sijui kama nimewahi tena kufurahi kiasi kile.

Arbab alifika kabla ya sala kama kawaida yake, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, na watu wakaanza kumletea habari za wanyama. Baba alinyoosha mkono nimpe pembe ampelekee. Sikumpa. Nikaenda mwenyewe mpaka mbele ya mzee, nikamwambia kwa Kiarabu changu cha shule kwamba namwomba pembe hii moja, ni dawa ya mama yangu.

"Mama ana nini?" akauliza.

"Kifua."

Nyuma yangu nilisikia ndoo ikiwekwa chini. Nilipogeuka, uso wa Baba haukuwa na damu. Sikuelewa. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimeomba, na kwetu kuomba ni aibu. Mzee alimtazama Baba kwa muda, Baba akatazama mchanga. Kisha mzee akanishika kichwa.

"Allah yishfiha," akasema, Mungu amponye. "Khudhi. Chukua. Yalla, nenda."

Njiani Baba aliendesha mpaka tukaingia mjini. "Sikiliza," akasema, macho yako barabarani. "Yule ndiye kafeel wetu. Kifua cha mama yako hakisemwi kwake, hakisemwi shuleni, hakisemwi popote. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na nani kakwambia pembe ya paa wa kizungu ni dawa?"

"Bi Zuhura anahitaji pembe."

Baba akashusha pumzi ndefu. Akaweka mkono juu ya ile pembe iliyokuwa mapajani mwangu, akauacha hapo mpaka Satwa.

Bi Zuhura alikuwa anakausha samaki uani. Nikampa shikamoo, nikampa pembe. Akaipima mkononi, akaigonga sakafuni, akachungulia shina lake, na kicheko kikamtoka. Alipouona uso wangu akakikata palepale.

"Mwanangu we, nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Hii imejaa. Unaona? Ni mfupa mtupu mpaka ndani. Chuku inataka pembe yenye uwazi, ninyonye huku, ivute kule. Hii haina tundu, pumzi itapita wapi?"

"Pembe zenye tundu zipo kwa nani?"

"Ng'ombe. Mbuzi. Hao paa wenu wa Kiarabu."

"Basi Ijumaa nitakuletea ya paa."

"Hizo haziokotwi, bibi," akasema polepole. "Mnyama wa pembe ya namna hiyo haiachi mpaka afe."

Sikumwamini. Mtu mzima akishindwa na jambo, niliwaza, husema haliwezekani. Ijumaa iliyofuata sikuwatazama hata kidogo paa wa kizungu. Nilisimama kwenye uzio wa paa wa Kiarabu asubuhi nzima, vidole vimeshika waya, nawatazama vichwa. Walikuwa wadogo, wepesi, wanaruka wakisikia mlango wa gari, na pembe zao zikasimama imara kama zilivyokuwa. Jua lilipanda, nikavua sweta, nikaendelea kungoja.

"Wangoja nini hapo?" Anko Bakari akauliza.

"Waangushe."

"Hao? Hao hawaangushi, mama. Hao pembe zao ni za maisha." Akachuchumaa kando yangu. "Wazitakia nini?"

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme, sikusema. Machozi yakanitoka tu. Anko Bakari alinipa tende kutoka mfuko wa shati lake, tukazila wawili tukiwatazama paa, na siku hiyo hakuimba.

Kilichobaki ni kuitoboa ile niliyokuwa nayo. Nilichukua msumari na jiwe, nikakaa nyuma ya matangi ya maji, nikagonga alasiri nzima. Nilichofanikiwa kutoa ni unga mweupe kidogo na ngozi ya kidole changu. Hapo ndipo Mama aliponikuta.

"Unafanya nini, wewe?"

"Natoboa."

Akanitaka nieleze, nikaeleza yote, damu chafu, chuku iliyopasuka, hospitali, pembe. Alinisikiliza amesimama, kisha akakaa chini palepale, kwenye sementi yenye maji. Akaichukua pembe na kuifuta kwa ncha ya kanga. Akanishika mkono, tukaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo. Akalala kifudifudi na kupandisha gauni mpaka mabegani.

"Haya," akasema. "Niumike."

"Haina tundu, Mama."

"Weka hivyohivyo. Wewe vuta tu."

Mgongo wake ulikuwa umekonda. Mifupa ilisimama pande zote mbili, na katikati yake nikaweka shina la pembe, lile lenye kingo za kukwaruza, nikalikandamiza kwa mikono miwili. Upande wa juu nikatia mdomo na kunyonya kwa nguvu zangu zote. Palikuwa na ladha ya chumvi na vumbi.

"Inavuta?"

"Inavuta."

"Unaisikia?"

"Naisikia mpaka huku kifuani. Taratibu, mwanangu. Usichoke."

Sikuchoka. Nilivuta mpaka mashavu yakauma. Mgongo wake ukaanza kutikisika chini ya pembe, mtikisiko mdogo mdogo usio na sauti, nikajua maradhi yanatoka, nikavuta zaidi. Leo na mimi ni mama, na ninaujua mgongo wa mtu anayelia. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba nilipoiondoa pembe palikuwa na alama nyekundu ya duara, ileile ya wateja wa Bi Zuhura. Mama akageuka, akaniambia amekuwa mwepesi, akanikumbatia kwa nyuma, kisogo changu kikiwa kifuani pake.

Siku ya kupimwa alivaa buibui lake jeusi jipya na kujipaka wanja. Nikamkumbusha atabasamu kwenye picha. Alicheka mpaka akakohoa, na Baba akageukia ukuta.

Majibu yalikuja na Baba, mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi. Walizungumza nyuma ya pazia. Nilisikia jina la arbab. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba yule mzee, baada ya siku ile ya pembe, alikuwa amepiga simu kwa watu wake, akaomba, akatumia heshima aliyonayo, na kila alipoomba akajibiwa kwamba doa ni doa. Nimekuwa nikimwombea dua mpaka leo. Baba alipotoka nyuma ya pazia nilikuwa namsubiri na swali langu.

"Damu ilikuwa chafu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. "Damu? Hapana. Damu yake ni safi. Safi kabisa."

Nikaruka. Nilitoka mbio uani, nikamwambia Bi Zuhura, nikawaambia waliokuwa jikoni na waliokuwa wanaanika nguo, damu ya Mama ni safi, wamepima, ni safi. Hakuna aliyenikanya. Mama mmoja wa Kiganda akanipa andazi, na Bi Zuhura akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikala andazi langu nikiwa nimeketi juu ya ndoo, mshindi.

Kwa hiyo masanduku yalipotolewa chini ya kitanda sikuyaogopa. Waliniambia Mama anakwenda kwa bibi kupumzika. Waliamua nibaki kwa ajili ya shule, na kwa sababu Mama mwenyewe hakutaka niendelee kulala karibu na kifua chake. Hayo ya pili sikuyasikia mimi. Nilichosikia ni kupumzika, na mtu aliyepumzika hurudi.

Kwenye kiwanja cha ndege Mama alikuwa amefunikwa pua na mdomo kwa kitambaa cha hospitali. Alimpa Bi Zuhura maagizo bila kituo, nywele zangu zichanwe na mafuta kwanza kwa sababu utosi unaniuma, maziwa nisipewe ya baridi, nikilala nifunikwe miguu. Bi Zuhura alikuwa akiitikia, "Naam, Asha. Naam, mwanangu." Baba alishika pasipoti ya Mama na hakuwa akiitazama. Mimi nilikuwa nimegundua kwamba toroli la mizigo likisukumwa unaweza kulipanda likakubeba. Mama aliponiita nilimpungia mkono nikiwa juu ya toroli, nikampigia kelele, "Uniletee urojo wa bibi!" Kisha nikajisukuma tena, nikampa mgongo, na nilipofika mwisho wa ukumbi na kugeuka alikuwa ameshapita.

Alipona. Nataka niliseme hilo wazi, maana wengi hawakupona. Kule nyumbani alipewa vidonge hospitali, akavimeza miezi kadhaa mpaka vikaisha, kifua kikatulia, akanenepa. Lakini huku Dubai walishamwandika kwenye orodha ya wasioruhusiwa kurudi, na kila Baba alipojaribu kumwombea viza ilirudi imekataliwa. Baba hakuthubutu kuacha kazi. Bi Zuhura akanilea, akanichana nywele kwa mafuta kama alivyoagizwa. Nilipomwona Mama tena nilikuwa nimempita urefu, na ilibidi shangazi asimame kati yetu kusema, "Ndiye huyu, Asha. Ndiye huyu."

Siku chache baadaye tulikuwa barazani tunamenya ndizi, na sisi bado tunaoneana haya kama wageni, akaanza mwenyewe kuizungumzia siku ya kiwanja cha ndege.

"Ulinisaidia sana siku ile," akasema. "Hukulia hata chozi. Ningekuona unalia ningekufa palepale. Nikapanda ndege nikasema, mwanangu ana moyo, ataweza kukaa bila mimi."

Nikamjibu kwamba nilijikaza kwa ajili yake. Akaniamini, akanipapasa goti, akaendelea kumenya. Sijawahi kumwambia kwamba siku ile, tuliporudi Satwa kutoka kiwanjani, nilimtandikia upande wake wa kitanda, nikamwekea na mto, nikamwomba Baba asifunge mlango kwa komeo.